Mtu mwenye jina la mwingine: watoro wa Rwanda na mahakama iliyowasaka kutoka Arusha

Mei 2001, mtu mmoja alikamatwa mjini Arusha. Pasipoti yake ilisema ni raia wa Kongo na jina lake ni Sammy Bahati Weza. Hakuwa amejificha porini wala kwenye chumba cha uani. Alikuwa mpelelezi wa upande wa utetezi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ile ambayo watu wa Arusha waliizoea kwa kifupi cha ICTR. Kwa maneno mengine, alikuwa akifanya kazi ndani ya mahakama iliyokuwa ikiwasaka watu kama yeye.

Jina lake halisi lilikuwa Siméon Nchamihigo. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, alikuwa naibu mwendesha mashtaka huko Cyangugu, kusini magharibi mwa Rwanda. Mwaka 2008 mahakama ileile ilimkuta na hatia na kumpa kifungo cha maisha. Mwaka 2010 majaji wa rufaa walifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu hadi miaka 40.

Habari kama hii ukiiona kwenye filamu utasema mwandishi ametia chumvi. Lakini ilitokea hapa kwetu, na si mara moja tu ambapo mtuhumiwa wa mahakama hiyo alikutwa akiishi kwa jina lisilo lake. Katika makala haya tunaeleza watu hao walijificha vipi, walipatikana vipi, na subira hiyo iliwagharimu nini waliokuwa wakisubiri haki.

Filamu ya Ripley na maisha halisi

Kwa miaka mingi, mtu wa Arusha aliyetaka kuona filamu kwenye ukumbi wa kisasa alikwenda Njiro. Njiro hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa maeneo ambako wafanyakazi wa ICTR, wageni na wenyeji, walipanga nyumba.

Kuna aina ya filamu inayopendwa sana na watazamaji, ya mtu anayevaa maisha ya mwingine. Inayojulikana zaidi labda ni The Talented Mr. Ripley ya mwaka 1999, iliyoongozwa na Anthony Minghella kutokana na riwaya ya Patricia Highsmith ya mwaka 1955. Kijana maskini, Tom Ripley, anatumwa Italia kumrudisha nyumbani mtoto wa tajiri. Anaishia kumuua, kisha anachukua jina lake, nguo zake na saini yake. Filamu inatufanya tutetemeke pamoja na mwongo: kila simu inapolia na kila hodi inapopigwa, tunaogopa atakamatwa. Ili kulinda uongo wa kwanza, Ripley analazimika kuua tena.

Filamu za namna hii zinaonyesha vizuri jinsi uongo unavyomchosha mwenye nao. Kasoro yake ni kwamba macho yetu yanabaki kwa mdanganyifu. Waliouawa wanatoweka mapema, na ndugu zao wanapita kwa dakika chache. Kwenye kesi za Rwanda mambo yanapaswa kuwa kinyume. Kwa kila mtu aliyebadili jina kulikuwa na kijiji kizima kilichobaki na majina ya wafu wake, na watu wa huko hawakuwa na namna ya kuyabadili.

Kwa nini mahakama iliwekwa Arusha

Tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Alikuwa akitoka kwenye mkutano wa marais Dar es Salaam. Kabla ya hapo, Agosti 1993, serikali yake na waasi wa RPF walikuwa wametia saini mkataba wa amani hapa Arusha. Mauaji yaliyofuata yalidumu takriban siku 100. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba watu zaidi ya 800,000 waliuawa, wengi mno wakiwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki au waliopinga.

Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianzisha mahakama maalumu, na mwaka uliofuata likaamua makao yake yawe Arusha. Mashauri yalisikilizwa katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC. Hukumu ya kwanza ilitolewa Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Kwa jumla watu 93 walishtakiwa. Mahakama ilifungwa mwisho wa mwaka 2015. Kazi zilizobaki, ikiwemo kuwasaka watoro, zilichukuliwa na chombo kingine cha Umoja wa Mataifa ambacho tawi lake la Arusha lilianza Julai 2012. Tangu Novemba 2016 ofisi zake ziko Lakilaki, nje kidogo ya jiji. Katika makala haya tutakiita Chombo cha Masalia, kwa kuwa kiliundwa kumalizia mashauri yaliyosalia.

Jinsi watoro walivyochanganyika na wakimbizi

Ili kuelewa ilivyowezekana mtu kupotea, ni lazima turudi kwenye daraja la Rusumo. Mwishoni mwa Aprili 1994, karibu watu 250,000 walivuka kuingia wilaya ya Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Wazee wa Ngara bado wanaikumbuka kambi ya Benaco. Baadaye, mwezi Julai, wengine wengi zaidi waliingia Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Katika umati kama ule, mtu hujiandikisha kwa jina analolitaja mwenyewe. Wengi hawakuwa na karatasi yoyote mkononi. Mama aliyekimbia na watoto alisimama foleni moja na mtu aliyekuwa na damu mikononi, na karani wa kambi hakuwa na njia ya kuwatofautisha.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa nchi nyingine hawalijui. Kwa desturi ya Wanyarwanda, watoto si lazima wabebe jina la ukoo la baba yao. Kila mtoto hupewa jina lake. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana kabisa. Kwa hiyo, mpelelezi kutoka Ulaya aliyezoea kufuata jina la ukoo alikuta hana uzi wa kufuata.

Kanisa moja, watu wawili, majina mawili ya uongo

Katika parokia ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, Watutsi walikimbilia kanisani Aprili 1994 wakiamini kwamba hapo watakuwa salama. Tarehe 16 Aprili kanisa lilibomolewa kwa tingatinga huku watu wakiwa ndani. Chombo cha Masalia kinataja zaidi ya watu 2,000 waliouawa hapo.

Padri wa parokia hiyo aliitwa Athanase Seromba. Baada ya vita alikwenda Italia, na akawa anahudumu katika parokia moja ya Florence kwa jina la Anastasio Sumba Bura. Waumini walipokea sakramenti kutoka mikononi mwake bila kujua. Mwaka 1999 shirika la haki za binadamu la African Rights lilimtaja hadharani. Ni mwaka uleule ambao Ripley alikuwa akivaa jina la mwingine huko huko Italia, kwenye filamu. Februari 2002 Seromba alijisalimisha Arusha. Mwaka 2006 alihukumiwa miaka 15. Machi 2008 majaji wa rufaa waliona kwamba mchango wake ulikuwa mkubwa kuliko hapo, kwa kuwa alikubali kanisa libomolewe na hata kumwonyesha dereva wa tingatinga upande dhaifu wa jengo. Adhabu ikawa kifungo cha maisha.

Mtu wa pili ni Fulgence Kayishema, aliyekuwa mkaguzi wa polisi katika wilaya ya Kivumu, ambamo Nyange imo. Alishtakiwa mwaka 2001. Hati ya mashtaka inadai kwamba alishiriki kupanga na kutekeleza mauaji ya kanisani, ikiwemo kutafuta petroli ya kuchomea kanisa. Kwa zaidi ya miaka 20 hakuonekana. Tarehe 24 Mei 2023 alikamatwa kwenye shamba la mizabibu huko Paarl, Afrika Kusini, akiishi kwa jina la Donatien Nibashumba. Mwanzoni alikana kwamba yeye ndiye Kayishema. Siku hiyohiyo, kabla ya kulala, alikubali. Katika miaka yake ya kutoroka alipita kwenye kambi za wakimbizi hapa Tanzania, kisha Msumbiji na Eswatini, akitumia majina na hati tofauti. Tunasisitiza kwamba yeye ni mtuhumiwa. Kukamatwa si kutiwa hatiani.

Mzee mpole wa karibu na Paris

Aliyetafutwa kuliko wote alikuwa Félicien Kabuga, mfanyabiashara tajiri aliyetuhumiwa kugharamia wanamgambo wa Interahamwe na kuwa kiongozi wa kamati iliyoanzisha redio RTLM. Alishtakiwa mwaka 1997. Marekani iliahidi zawadi ya hadi dola milioni 5 kwa atakayesaidia akamatwe.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba amejificha Kenya. Januari 2003, William Munuhe, Mkenya aliyefanya kazi za uandishi, alikutwa amekufa nyumbani kwake Nairobi. Siku zile mtego wa kumnasa Kabuga ulikuwa umeandaliwa, naye alikuwa sehemu ya mtego huo. Mtego ukavunjika, na Kabuga akaendelea kutoroka kwa miaka 17 zaidi.

Alipatikana tarehe 16 Mei 2020 katika ghorofa huko Asnières-sur-Seine, mji ulio kando ya Paris. Kwa majirani alikuwa mzee tu wa miaka zaidi ya 80 aliyetembea polepole. Karatasi zake zilisema anaitwa Antoine Tounga. Wapelelezi wa Ufaransa walikuwa wamefuatilia simu za watoto wake na kugundua kwamba, kwa zamu, simu hizo zilikuwa zinafika eneo lilelile. Wakati Ufaransa imefungwa kwa ajili ya UVIKO, walipata nafasi ya kukaa na kuzichambua taarifa hizo. Baada ya kumkamata walilinganisha vinasaba vyake na sampuli aliyoiacha Ujerumani mwaka 2007 alipofanyiwa upasuaji. Vikalingana.

Kesi yake ilianza The Hague Septemba 2022. Mwaka uliofuata majaji waliamua kwamba afya ya akili yake imeshuka kiasi kwamba hawezi kufuatilia kesi, na kesi ikasimamishwa bila kikomo. Kwa hiyo Kabuga hakutiwa hatiani wala hakuachiwa huru. Kwa manusura wengi hilo ndilo lililouma. Jina la uongo halikumwepusha na kukamatwa, lakini lilimpa miaka ya kuzeeka.

Jina la uongo juu ya kaburi

Protais Mpiranya alikuwa kamanda wa Kikosi cha Walinzi wa Rais. Miongoni mwa tuhuma dhidi yake ni kuuawa kwa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, pamoja na walinda amani 10 wa Ubelgiji, katika saa za kwanza za mauaji. Alisakwa katika nchi nyingi. Mei 2022 Chombo cha Masalia kilitangaza kwamba amekufa tangu Oktoba 2006, mjini Harare, Zimbabwe.

Kwa karibu miaka 16 watu walimtafuta mtu ambaye tayari yuko kaburini. Familia na washirika wake walificha kifo chake. Hata jiwe la kaburi lilikuwa na jina la Ndume Sambao. Miongoni mwa vidokezo vilivyowafikisha wapelelezi makaburini ni mchoro wa jiwe hilo uliokutwa kwenye kompyuta. Mabaki yalifukuliwa na vinasaba vikathibitisha ni yeye.

Tuangalie hapo jambo moja. Kwa desturi zetu nyingi, kaburi ndipo mtu anaporudishiwa jina lake lote, la kwake na la ukoo. Hapa hata wafiwa walikubali jina la ndugu yao lipotee ili siri isitoke.

Sauti ya redio iliyokutwa Mombasa

Sisi tunaofanya kazi ya redio hatuwezi kuliandika jambo hili kana kwamba halituhusu. RTLM ilianza kurusha matangazo mwaka 1993. Ilipiga muziki mzuri, ilitania, na watu waliipenda. Mwaka 1994 ilikuwa inataja watu kwa majina na mahali walipo, ili wauawe. Jina la kweli lililosomwa kwenye redio lilikuwa hukumu ya kifo kwa mwenyewe.

Mmoja wa watangazaji wake alikuwa Georges Ruggiu, Mbelgiji mwenye asili ya Italia. Baada ya kukimbia alipita kambi za wakimbizi, akafika Kenya, akasilimu na kuchukua jina la Omar. Kusilimu na kubadili jina si kosa kwa yeyote, na wapo wanaofanya hivyo kwa moyo safi. Kwake yeye, hata hivyo, jina jipya halikuyafuta yale aliyoyatangaza. Alikamatwa Mombasa Julai 1997. Mwaka 2000 alikiri kosa mbele ya majaji wa Arusha na kufungwa miaka 12. Desemba 2003, katika kesi iliyojulikana kama ya vyombo vya habari, mahakama iliwatia hatiani pia waanzilishi wawili wa redio hiyo, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, Hassan Ngeze. Adhabu zao zilipunguzwa kwenye rufaa mwaka 2007.

Jina la uongo linasimama kwa nguzo zipi?

Ukizipanga kesi hizi pamoja, unaona mambo yaleyale yanajirudia.

Kwanza, hati. Kinachoanza ni karatasi moja, mara nyingi ya ukimbizi au ya kuzaliwa, iliyopatikana kwa maelezo ya uongo. Karatasi hiyo huzaa nyingine. Baada ya miaka kumi mtu ana pasipoti, kibali cha kazi na kadi ya hospitali, na kila moja imethibitishwa na iliyotangulia.

Pili, nchi nyingine. Ripley wa filamu aliiba jina la mtu aliyekuwa akifahamika. Watoro wa Rwanda walijipa majina mapya, na mara nyingi uraia mpya pia. Mnyarwanda wa Cyangugu akijiita Mkongo wa ng'ambo ya mto, lugha na sura havimsaliti.

Tatu, watu wa karibu. Hakuna aliyejificha peke yake. Kuna aliyelipa kodi ya nyumba, aliyeleta dawa, aliyejibu hodi. Wengine walisaidia kwa mapenzi, wengine kwa woga, wengine kwa pesa.

Nne, ukimya wa mwenyewe. Anayeishi kwa jina la bandia huwa jirani mwema. Hagombani, hakopi, haendi polisi hata akiibiwa. Ndiyo maana mara nyingi majirani hushtuka wakisema hawakuwahi kumwona na ubaya wowote.

Na linaanguka kwa nini?

Linaanguka kwa nguzo zilezile. Hati nyingi zikilinganishwa, picha ni moja na majina ni mengi. Watu wa karibu wana simu, na simu huacha alama ya mahali ilipo. Umri nao haukwepeki. Mwili unaougua unakwenda hospitali, na hospitali inaweka kumbukumbu. Mtu anaweza kubadili jina, dini na nchi, lakini vinasaba na alama za vidole vinabaki vilevile.

Wakati mwingine wapelelezi hufika wakiwa wamechelewa. Augustin Bizimana, waziri wa ulinzi wa mwaka 1994, alithibitishwa kwa vinasaba mwaka 2020 kuwa alikwishakufa Pointe-Noire, Jamhuri ya Kongo, tangu mwaka 2000.

Majina yaliyofichwa kwa haki

Katika jengo lilelile la AICC, kulikuwa na watu wengine waliotumia majina yasiyo yao, tena kwa amri ya majaji. Hao walikuwa mashahidi. Manusura waliogopa kulipiziwa kisasi nyumbani, kwa hiyo wengi walitoa ushahidi nyuma ya pazia na kuitwa kwa herufi tu. Katika kesi ya Akayesu alikuwepo mwanamke aliyeitwa Shahidi JJ. Ushahidi wa wanawake kama yeye ndio uliowezesha mahakama kutamka, kwa mara ya kwanza, kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari.

Ndiyo maana kisa cha Nchamihigo kinatisha kuliko kinavyoonekana. Kazi ya mpelelezi wa utetezi ni kutafuta mashahidi na kuwahoji. Kazi hiyo ni halali na ni ya lazima, maana mshtakiwa ana haki ya kujitetea. Timu aliyoifanyia kazi ilimtetea Samuel Imanishimwe, aliyekuwa kamanda wa kambi ya jeshi ya Cyangugu, mkoa uleule alikotoka Nchamihigo. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la uongo alikuwa karibu na shughuli iliyotegemea siri ya majina ya watu wanyonge.

Pia wapo waliobaki na majina yao halisi na bado wakakosa pa kwenda. Mahakama iliwaachia huru watu 14 kwa kutowakuta na hatia. Baadhi yao, pamoja na waliomaliza vifungo, waliishi kwa miaka katika nyumba ya hifadhi hapa Arusha kwa sababu waliogopa kurudi Rwanda na hawakupata nchi ya kuwapokea. Desemba 2021 wanane walihamishiwa Niger, na huko nako mambo hayakuwa rahisi, kwani muda si mrefu serikali ya nchi hiyo iliamuru waondoke. Tunalitaja hili kwa sababu haki haiishii kwa kumkamata mtu. Mahakama ikisema mtu hana hatia, neno hilo nalo linapaswa kuheshimiwa.

Kilichobaki

Mei 2024 Chombo cha Masalia kilitangaza kwamba watoro wawili wa mwisho kwenye orodha ya ICTR, Charles Sikubwabo na Ryandikayo, walikufa tangu mwaka 1998, mmoja Chad na mwingine Kongo. Kwa hiyo hakuna tena mtu aliyeshtakiwa na mahakama ya Arusha ambaye hajulikani alipo. Lakini zaidi ya watu 1,000 bado wanatafutwa na mamlaka za nchi mbalimbali, hasa Rwanda, na baadhi yao huenda wanaishi kwa majina ya bandia.

Je, sisi wananchi wa kawaida tufanye nini na habari hizi? Jambo la kwanza ni kutokumtilia shaka kila jirani aliyetoka ng'ambo ya mpaka. Wakimbizi walio wengi walikimbia kuuawa, hawakukimbia sheria. Wapo waliobadili majina kwa sababu jina lao la kweli liliwahi kusomwa kwenye orodha ya watu wa kuuawa. Tofauti kati ya mtoro na mkimbizi haionekani kwa macho wala kwa lafudhi, na uvumi wa kijiweni haujawahi kuwa ushahidi. Mwenye taarifa ya kweli aipeleke polisi, aeleze alichokiona yeye mwenyewe, na asimtangaze mtu kwenye makundi ya simu. Tumeona hapo juu kinachotokea majina ya watu yanapotangazwa hovyo.

Jambo la pili ni kukumbuka upande ambao filamu huusahau. Kumbukumbu za ICTR zimehifadhiwa Lakilaki: hati, picha, na kanda za sauti za mashahidi. Katika kanda hizo manusura wanawataja mmoja mmoja waliouawa, kwa majina yao kamili, na wanasema kila mmoja aliishi kilima gani. Kila mwaka tarehe 7 Aprili, siku ya kumbukumbu ya mauaji hayo, ndiyo majina yanayosomwa.